Tui la Kwanza na Tui la Pili

 

Leo nina barua mkononi. Ameniandikia msikilizaji mmoja wa mwambao wa Tanga, mkulima mwenye minazi yapata sitini aliyoachiwa na baba yake. Anasema mnunuzi kutoka mjini alikuja, akavunja nazi tatu, akazitazama, kisha akasema, "Mzee, nazi zako hazina tui," akakata bei karibu nusu. Mzee wetu akauza, maana karo ya watoto haingoji. Kufika nyumbani akamkuta mkewe naye analalamika: maharage ya nazi yamekatika tena, mafuta yanaelea juu na chini kuna maji yenye chengachenga. Sasa anauliza: "Bwana shamba, je, ni mbegu mbaya, ni ugonjwa, au nimeibiwa?"

Nimeisoma barua hii mara tatu. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni mambo mawili, moja la soko na moja la jikoni, na la jikoni halimhusu bwana shamba. Lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni mafuta. Mtu akijua mafuta yanaingia lini ndani ya nazi, yanatolewaje, na yanakaa vipi ndani ya tui, basi hatadanganywa na mnunuzi wala hatalaumu mbegu bure.

Ugonjwa tuuondoe mapema. Ule ugonjwa wa kunyong'onyea, unaoua minazi yetu ya pwani, haujifichi. Nazi hupukutika changa kwa wachanga, maua huwa meusi, makuti hugeuka manjano, halafu kilele chote huanguka na mnazi kubaki gogo lililosimama kama nguzo ya simu. Minazi ya mzee huyu imesimama na inazaa. Kwa hiyo tutafute sababu mahali pengine.

Tuanze na tui lenyewe. Siku hizi wapo watoto wa mjini wanaodhani tui ni yale maji yanayomwagika nazi ikivunjwa. Yale ni maji ya nazi tu. Yana sukari kidogo na chumvichumvi, na karibu hayana mafuta kabisa. Tui hutoka kwenye nyama nyeupe. Ukichukua gramu 100 za nyama ya nazi iliyokomaa, karibu nusu yake ni maji, gramu 33 hivi ni mafuta, gramu 3 hivi ni protini, na zilizobaki ni sukari na nyuzinyuzi. Unapokuna unapasua zile chembe za nyama, na unapokamua unayatoa maji na mafuta kwa pamoja.

Hapo ndipo penye ajabu. Sote tunajua maji na mafuta hayapatani. Ukivimimina pamoja kwenye chupa na kutikisa, baada ya muda mfupi kila kimoja kinakwenda upande wake. Lakini ndani ya tui vimekaa pamoja, vyeupe, hata huoni tone la mafuta. Sababu ni kwamba mafuta yamegawanyika kuwa vitone vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na kila kitone kimevikwa ngozi nyembamba ya protini. Ile protini ndiyo mpatanishi. Ikiwa nzima, tui ni tui. Ikiharibika, vitone hukutana, hushikana, na mafuta huelea. Naomba mkumbuke ngozi hii ya protini, maana nitairudia tena na tena.

Sasa, tui la kwanza na tui la pili vinatofautiana nini? Si vitu viwili. Ni kitu kimoja chenye maji machache au maji mengi. Ukikamua nazi iliyokunwa bila kutia maji, au kwa maji kidogo tu, utapata lile zito ambalo wengine huliita kasimile na wengine tui bubu. Likikamuliwa bila maji kabisa, kwenye gramu 100 huweza kuwa na gramu 35 hivi za mafuta. Ukirudisha maji kwenye machicha na kukamua tena, unapata tui la pili, jepesi, lenye mafuta machache zaidi, na ukirudia mara ya tatu unapata maji meupe tu.

Wale mnaoona makopo na pakiti za tui madukani, mengine yanatoka hata Thailand, msitishwe na majina yaliyoandikwa juu. Kuna kanuni za vyakula za mataifa zinazosimamiwa na mashirika ya FAO na WHO. Kanuni yao ya mwaka 2003 inasema kitu kikiitwa tui la nazi kiwe na mafuta yasiyopungua gramu 10 katika kila gramu 100, tui jepesi yasiyopungua 5, na kile wanachokiita krimu ya nazi yasiyopungua 20. Yaani krimu ya nazi ni kasimile ya bibi yako iliyovaa koti la bati. Ila tazameni kibandiko vizuri: ipo krimu nyingine iliyotiwa sukari nyingi kwa ajili ya keki na vinywaji. Ukiimimina kwenye mchuzi wa samaki, wageni wako watakula kwa adabu tu.

Turudi kwenye kukamua, maana hapa mafuta mengi yanapotea na kuliwa na kuku. Mafuta ya nazi yana tabia moja: chini ya nyuzi 24 hivi za sentigredi huganda. Pwani mchana hatulioni jambo hili. Lakini nazi za Tanga hupelekwa mpaka Lushoto, na kule asubuhi kuna baridi. Mama wa huko akikuna nazi na kutia maji ya mtungini, mafuta yanabaki yameganda ndani ya machicha na tui linatoka jepesi, kisha lawama zinamwendea muuzaji wa nazi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Yasiwe ya kuchemka, maana utaipika ile protini kabla hujaanza na tena utajiunguza. Kwa nazi moja tia kama nusu kikombe, vuruga na kufinyanga kwa mkono kwa dakika kadhaa, halafu kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo la kwanza, liweke kando. Kisha tia kikombe kimoja au kimoja na nusu, fanya vilevile, hilo ni la pili. Usiyachanganye matui haya mpaka ujue unapika nini.

Kukuna nako kuna maana. Nazi iliyokunwa laini kwenye mbuzi mwenye meno makali hutoa tui zaidi kuliko iliyokunwa kwa mbuzi butu ikatoka mapandemapande, kwa sababu chembe nyingi zaidi zimepasuliwa. Mbuzi wa nyumbani anolewe kama jembe linavyonolewa. Sijui kwa nini wanaume tunanoa panga kila wiki na mbuzi wa mama watoto tunamsahau mwaka mzima.

Lakini ndugu zangu, hakuna mbuzi wala maji ya uvuguvugu yatakayotoa mafuta ambayo hayamo. Hapa ndipo tunapoingia shambani, na hapa ndipo ninapomshuku mzee wetu.

Mnazi wetu mrefu wa Afrika Mashariki, ukishaanza kuzaa, hutoa karara moja kila baada ya mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo mnazi mmoja wakati wowote una makole ya umri mbalimbali. Juu kabisa kuna upunga na vidaka, kisha vitale, kisha madafu, kisha makoroma, na chini kabisa nazi zenyewe. Kutoka ua mpaka nazi iliyokomaa ni miezi 11 au 12. Katika miezi sita ya mwanzo tunda linajenga makumbi, kifuu na maji. Nyama inaanza baadaye, kama utando laini wa dafu unaoliwa kwa kijiko cha kumbi, nayo huzidi kunenepa mwezi hadi mwezi. Mafuta ndiyo yanayochelewa kuliko vyote. Koroma la miezi tisa ukilivunja unaona nyama nyeupe nene, unasema nazi hiyo. Ukilikuna linakunika. Lakini sehemu kubwa ya uzito wake bado ni maji, na utamu wake ule ni wa sukari. Tui lake hutoka jeupe kama la nazi, ila jepesi, na ukiliweka chunguni halina nguvu. Hata mbata yake hunywea na kuwa laini kama mpira.

Sasa mkwezi anapanda. Analipwa kwa mnazi, hana haja ya kuchagua. Au mwezi wa Ramadhani unakaribia, bei imepanda, na mwenye shamba mwenyewe anasema, "Angua na hayo ya juu yake, yamekwisha kuwa makubwa." Ukubwa si ukomavu. Koroma lina ukubwa uleule wa nazi, na wakati mwingine ni zito kuliko nazi kwa sababu limejaa maji. Kole moja mliloliangua mapema mlikuwa mnalidai miezi miwili au mitatu tu, tena bila kulilima wala kulimwagilia.

Namna ya kutambua si ngumu. Nazi iliyokomaa makumbi yake yameanza kuacha rangi yake ya ujana na kuwa ya hudhurungi. Ukiitikisa sikioni, maji hucheza na kusikika, kwa kuwa yamepungua na kuna nafasi ndani. Koroma limejaa, halisemi kitu. Ukiivunja, ile ngozi inayoshika nyama na kifuu ni ya kahawia iliyokolea, na nyama ni ngumu, inavunjika kwa mlio. Ya koroma ngozi yake ni nyepesi na ya rangi hafifu, na nyama inapinda kabla ya kuvunjika. Kinyume chake pia kipo. Nazi iliyokaa mpaka ikaota, ukaikuta na joya ndani, nyama yake imeanza kuliwa na mche. Joya ni tamu, watoto wanaligombania, lakini usitegemee tui la maana hapo. Na wale wenye minazi mifupi ya kitamli, wasiilaumu: hiyo ni minazi ya madafu, nayo madafu yake ni mazuri mno. Kwa tui tafuta nazi ya mnazi mrefu.

Basi nije kwenye chungu cha mama.

Mimi nimezaliwa nyanda za juu, kwetu nazi tulikuwa tukiziona sokoni kama vitu vya wageni. Nilipopangiwa kazi pwani kwa mara ya kwanza nilipanga chumba kwa bibi mmoja mzee sana. Jumapili moja nikaamua kujipikia maharage ya nazi. Nilikuna nazi mbili, nikakamua tui zito la kutamanika, nikamimina lote kwenye maharage ambayo hayajaiva, nikafunika sufuria, nikachochea moto na kwenda kusoma gazeti. Nilipofunua nilikuta mafuta ya manjano yanaelea na chini vipande vidogo kama maziwa ya mgando. Bibi akachungulia. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, nadhani nazi ulizoniuzia ni mbovu." Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Nazi si mbovu. Umelichemsha tui kama unachemsha nguo." Nikanyamaza. Jioni akaniita nitazame anavyopika yeye, na katika chuo nilichosoma sikuwahi kufundishwa vizuri kama jioni ile.

Maharage yake yalikwisha iva kwa maji matupu, laini kabisa. Akatia tui la pili, akaacha lichemke na maharage, chumvi na kitunguu mpaka likapungua. Mwisho kabisa akavuta kuni, moto ukawa mdogo, akamimina kasimile huku akikoroga kwa mwiko upande mmoja bila kuacha, sufuria wazi. Lilipoanza tu kutokota pembezoni, akaepua.

Nilimwuliza sababu, akasema ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Sababu ni ile ngozi ya protini. Protini ikipata moto mkali hupikika na kukunjamana kama ute wa yai, na katika tui jambo hili huanza karibu na nyuzi 80, yaani kabla hata maji hayajachemka. Ikishakunjamana haiwezi tena kuvivika vitone vya mafuta. Vile vipande vyeupe nilivyoviona ndiyo protini yenyewe, na yale ya manjano ndiyo mafuta yaliyoachwa uchi. Kukoroga husaidia kwa kuwa hakuachi sehemu ya chini iungue wakati ya juu bado ya baridi, na huvizuia vitone visikutane. Kufunika sufuria hupandisha moto upesi na macho hayaoni. Tui la pili linavumilia zaidi, kwanza lina mafuta machache, na hata likikatika kidogo kasimile ya mwisho itaficha aibu.

Adui wa pili wa ngozi ile ni uchachu. Ndimu, ukwaju, embe bichi na nyanya nyingi hukunjamanisha protini vilevile. Kwa hiyo mpishi wa mchuzi wa samaki huupika kwanza ukwaju au nyanya na tui la pili mpaka vizoeane, na kasimile huingia mwisho. Ndimu ya kukamulia juu iende mezani, isiende jikoni. Kwenye kisamvu utaratibu ni huohuo: kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana kwanza, maana majani ya muhogo yana sumu inayotaka moto wa muda mrefu, halafu tui la pili, halafu la kwanza. Samaki wa kupaka yeye anataka kasimile peke yake, kwa kuwa anapakwa juu ya makaa na tui jepesi lingedondoka lote.

Wali wa nazi ni habari nyingine. Hapo tui huchemka mpaka linakauka, na mafuta yakijitenga hayadhuru kitu. Yanavika punje za mchele na ndiyo maana wali wa nazi haushikani vibaya na hunukia. Na wale wanaotengeneza mafuta ya uto nyumbani wao wanalitafuta kabisa tui likatike. Wanachemsha kasimile mpaka protini yote ipikike na kushuka kuwa mashapo ya kahawia, wanayaengua mafuta. Kwa hiyo kukatika si ugonjwa wa tui. Ni kazi ya moto, na wewe ndiye mwenye moto.

Watu wengi wanachanganya kukatika na mambo mengine mawili. Tui likikaa kimya saa moja au mbili, kasimile hupanda juu na maji hubaki chini. Hapo halijaharibika, ni kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, tikisa, litarudi. Likikaa kwenye friji juu litakuwa gumu kama samli, nalo pia ni zima. Lakini tui likitoa harufu ya uchachu na mapovu madogomadogo, hilo limechacha, na kuchacha hakuna dawa. Msilichemshe mkasema moto unaua. Mwagieni mboji.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Kikundi kimoja cha akina mama nilichofanya nacho kazi huko pwani kilianza kuuza tui kwenye vifuko kwa mama lishe. Kazi nzuri, wateja wapo. Ila walikuwa wanakamua usiku ili asubuhi wapakie mapema. Kwa joto la pwani tui lililokaa usiku kucha ni karamu ya vijidudu, maana lina maji, sukari na protini, kila wanachotaka. Siku moja lote lilichacha, mama lishe wakamwaga masufuria ya wali, na kikundi kikalipa hasara mpaka fedha za mzunguko zikaisha. Na lawama nyingine ni yangu, kwa sababu niliwafundisha kuweka hesabu na sikuwafundisha saa ya kukamua. Baadaye walianza upya: wanaamka alfajiri, wanaosha kifuu kabla ya kuvunja, wanakamua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka uvuguvugu, na vifumbu vyao wanavichemsha na kuvianika juani. Tui liwe limekwisha mikononi mwa mteja na kuingia chunguni ndani ya saa chache. Mwenye friji anaweza kuliweka siku moja au mbili. Asiye nayo auze nazi nzima, ambayo ina kopo lake la Mungu na hukaa wiki kadhaa.

Wakati wa kuvunja, kila nazi ivunjiwe kwenye bakuli lake na kunuswa kabla ya kukunwa. Wazee waliposema nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa wanasema jambo lililowatokea jikoni.

Machicha msiyatupe. Bado yana mafuta na nyuzinyuzi. Kuku wanayapenda yakichanganywa na pumba. Ila wapeni siku ileile au myaanike juani yakauke kabisa. Yakiota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, hayo ni ya kuzika. Huko Java, Indonesia, watu walikuwa na chakula kinachochachushwa kutokana na machicha, jina lake tempe bongkrek. Mara kwa mara kiliingiwa na bakteria wenye sumu ambayo haiondoki hata kwa kupikwa, wakafa watu wengi kwa miaka mingi, mpaka serikali ya kule ikakipiga marufuku mwaka 1988. Kwa hiyo machicha ya jana yenye harufu si ya kuongezea kwenye mkate.

Na jambo moja kwa wenye watoto wachanga. Kwa sababu tui ni jeupe kama maziwa, wapo wanaompa mtoto badala ya maziwa. Tafadhali msifanye hivyo. Tui lina mafuta mengi lakini protini kidogo, na ile chokaa ya kujenga mifupa haifiki hata robo ya iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Mtoto atanenepa usoni na kudumaa mifupani. Uji wa mtoto mkubwa ukitiwa tui kidogo ni sawa. Kwa watu wazima walioambiwa na daktari wapunguze mafuta ya kugandisha, wajue mafuta ya nazi ni ya aina hiyo kwa sehemu kubwa sana. Wapikiwe kwa tui la pili.

Sasa nimjibu mzee wangu wa Tanga moja kwa moja.

Mzee, shikamoo. Kwanza, mbegu yako si mbaya. Baba yako alikula tui la minazi hiyohiyo. Pili, maharage ya mama yalikatika kwa sababu ya moto mkali, au kwa sababu kasimile iliingia mapema, na hilo mtalirekebisha kesho. Lakini katika suala la mnunuzi, naogopa kwamba aliposema nazi zako hazina tui huenda alisema kweli, maana barua yako inasema pia kwamba uliangua makole matatu kila mnazi kwa mara moja. Mnazi hauna makole matatu ya nazi zilizokomaa kwa siku moja, ila kama umekaa miezi mitatu bila kuuangua. Kama uliuangua mwezi uliotangulia, basi kole moja lilikuwa nazi na mawili makoroma. Yeye akavunja tatu, akakutana na makoroma, akapunguza bei ya zote, hata za zile nazi nzuri. Hapo ndipo alipokupunja, na wewe ulimpa nafasi.

Safari ijayo mwambie mkwezi aangue kole la chini tu, umlipe hivyohivyo kwa mnazi, na urudi kila baada ya miezi miwili kwa makole mawili, au mitatu kwa matatu. Nazi zikishashuka, zitikise moja moja; zisizosema ziweke lundo lake, uziuze kwa jina lake. Halafu mnunuzi akija, usimwache avunje peke yake. Chagueni nazi tatu pamoja, moja aokote yeye. Zikuneni, zikamueni kila moja kwa nusu kikombe kilekile cha maji ya uvuguvugu, mmimine kila tui kwenye bilauri yake ya kioo. Kaeni kivulini, mpe na dafu anywe. Baada ya saa moja au mbili kasimile itakuwa imepanda, na mstari kati yake na maji ya chini utaonekana wazi kwenye kioo. Unene wa tabaka lile la juu ndiyo tui la nazi yako, yeye analiona na wewe unaliona. Hapo ndipo mzungumze bei.